Ukifika Uniflashie

Mwaka ule wa 2008 hakuna mtu niliyemjua Nakuru aliyeagana na mwenzake kwa kusema kwaheri tu. Tulisema, "Ukifika uniflashie." Maana yake ilikuwa kwamba ukifika nyumbani upige simu yangu, uikate kabla sijaipokea, nijue umefika salama. Haikugharimu kitu. Januari ile ya ghasia za uchaguzi, barabara zikiwa zimefungwa kwa mawe na moshi ukionekana kila upande wa mji, mlio mmoja wa simu ulitosha kutuambia kwamba mtu fulani yu hai. Mama yangu aliweka simu yake, mulika mwizi yenye tochi, juu ya kabati la vyombo, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ikilia alisema, "Haya, huyo amefika," kisha akarudi kwenye sufuria yake.

Ghasia zilipoisha, maneno yale yalibaki midomoni mwetu. Hata mtu aliyekwenda dukani kununua kiberiti aliambiwa aflashi. Tuliyapenda. Mimi nimeyachukia tangu mwaka huo huo, na nitaeleza kwa nini.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa ya wavulana na wasichana, karibu na Kiamunyi. Msichana niliyekaa naye dawati moja nilimwita Deski, na yeye aliniita hivyo hivyo, kama wanafunzi wanavyoitana. Alikuwa mrefu, mvivu wa hesabu, na fundi wa kuiga sauti za walimu. Kicheko chake kilianza kabla mzaha haujaisha, kwa hiyo mara nyingi hatukuwahi kuusikia mwisho wa mzaha wenyewe. Wazazi wake walilima mahindi na kukamua ng'ombe kule Subukia. Yeye aliishi Kiamunyi kwa shangazi yake, mama mshonaji ambaye cherehani yake ilikaa barazani mwaka mzima.

Deski alikuwa na mpenzi, kijana wa kidato cha nne, mchezaji wa voliboli. Alitoka jamii moja na Deski jamii nyingine. Sitasema nani alikuwa wa wapi. Anayejua Nakuru atajijazia mwenyewe, na huenda akakosea.

Siku nyumba za upande wa shangazi zilipoanza kuchomwa, kijana huyo alikuja mbio pamoja na mama yake. Shangazi alikataa kuondoka bila cherehani. Kijana aliibeba begani, chuma chote kile, akapita nayo kwenye vichochoro huku mama yake akimshika Deski mkono na shangazi akiwafuata. Walifichwa kwao siku kadhaa, ndani ya chumba cha mama huyo, juu ya kitanda chake. Mumewe alifanya kazi kwenye kituo cha umeme kule Olkaria na hakuweza kusafiri, kwa hiyo ni mama huyo peke yake aliyesimama langoni vijana wenye mapanga walipokuja kuuliza. Aliwaambia, "Hapa kuna watoto wangu peke yao." Walimwamini au walimwonea haya, sijui, lakini waliondoka. Mji ulipotulia, shangazi na Deski walirudi kwenye nyumba yao, ambayo moto haukuifikia.

Hayo yote ni kweli, na nataka yasomwe kabla ya mengine. Kijana yule alikuwa shujaa. Nilijaribu miaka mingi kumfanya mwoga tangu mwanzo, lakini ile cherehani hainiruhusu.

Shule zilifunguliwa kwa kuchelewa. Madawati mengine yalibaki matupu, na mengine yalikaliwa na wageni waliokuwa wakiishi kwenye mahema katika kiwanja cha maonyesho. Baadaye wale wakubwa wawili waliogombania urais wakapeana mikono kwenye televisheni, na nchi nzima ikashikwa na homa ya kupeana mikono. Naibu wa mwalimu mkuu aliipata mbaya kuliko wote. Watoto wawili wakigombania kiti, aliwapeleka mbele ya paredi wakumbatiane. Alianzisha chama cha amani, tukapewa tisheti nyeupe, na mfanyabiashara mmoja Mhindi wa mjini akatoa miche na majembe.

Siku ya kupanda miti, naibu alimwita Deski na kijana yule mbele ya shule nzima. Alisimulia habari ya cherehani na ya mama aliyesimama langoni. Akawapa mche mmoja waupande wakishika jembe pamoja. Walimu wanawake walifuta machozi. Sisi tulijua kwamba ni wapenzi, na walimu walijua pia, ila sheria za shule zilikataza mapenzi, hazikukataza amani. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Tulikuwa tumechoka kuogopana, na hapo mbele yetu walisimama watu wawili waliotuonyesha kwamba mambo yangeweza kuwa sawa tena. Tuliwabebesha mzigo wetu wote, na hakuna aliyewauliza kama wanauweza.

Ndipo habari ya simu ilipoanza. Kila jioni Deski alitakiwa amflashie kijana kwa simu ya shangazi akifika nyumbani. Hilo halikumshangaza mtu. Baadaye alitakiwa aflashi akienda dukani na akirudi. Kisha kijana akaanza kuuliza kwa nini mlio umechelewa, na alikuwa na nani njiani. Akamkataza kukaa na wavulana wa timu ya voliboli. Halafu akasema hata mimi nina mdomo mwingi, jambo ambalo ni kweli, na kwamba Deski arudi nyumbani bila mimi.

"Anakuchunga kama ng'ombe ya Subukia," nilimwambia.

Alicheka. "Wacha, Deski. Ni vile ananijali. Unajua vile tulitoka."

Kila nilipomgusia alijibu hivyo, kwamba najua walikotoka. Nilijua, kwa hiyo nilinyamaza. Lakini niliona kwamba kicheko chake kilikuwa kimeanza kungoja mzaha uishe.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa biolojia ambaye pia alishika ushauri nasaha. Alikuwa kijana, mkali, na alitembea haraka utadhani amesahau kitu jikoni. Aliomba apewe kipindi cha michezo cha Ijumaa awafundishe vidato vya juu kuhusu mapenzi na kipigo. Naibu alikubali kwa sababu alidhani ni tawi la amani. Tulipokuwa tukiingia darasani na madaftari, mwalimu alitufukuza. "Mkikaa hapa mtanipatia majibu ya mtihani," alisema. "Twendeni uwanjani."

Mchezo wake ulikuwa rahisi. Uwanja una magoli mawili. Goli la upande wa barabara liliitwa Ananijali, na goli la upande wa jikoni liliitwa Ananitawala. Sisi tulisimama katikati. Yeye alitaja kitu ambacho mpenzi anaweza kukufanyia, akapuliza filimbi, na kila mtu akakimbilia goli analoamini. Akisema, "Anakungoja ukiwa mgonjwa," tulikimbilia barabarani. Akisema, "Anakupiga kofi halafu anakununulia soda," wengi walikimbilia jikoni, ila wavulana kadhaa walisimama njiani wakibishana kuhusu soda. Tulicheka sana. Mwalimu hakusahihisha mtu. Alingoja, akauliza wachache kwa nini wamesimama pale walipo, akaendelea.

Halafu akasema, "Kila ukifika nyumbani lazima umflashie."

Filimbi ililia na sote, mimi nikiwa mbele, tukakimbilia goli la barabarani. Hatukufikiri hata kidogo. Nani ambaye mama yake hakungoja mlio Januari ile? Nilifika golini nikashika mlingoti, nikageuka nikihema. Deski alikuwa amebaki katikati ya uwanja, ndani ya lile duara la chokaa, peke yake. Alikuwa ameweka mikono ndani ya mikono ya sweta. Hakutazama goli lolote.

 Kijana wake alikuwa nasi golini, na nilimwona akitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayeona haya mbele za watu. Mwalimu alimtazama Deski, akalitazama kundi letu, akapuliza filimbi akataja kitu kingine chepesi. Baada ya mchezo alimwomba Deski amsaidie kubeba koni za mazoezi mpaka stoo. Walikaa huko muda mrefu.

Wiki iliyofuata, asubuhi, Deski aliingia darasani akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Shavu lilikuwa limevimba. Nilimtazama, naye hakunidanganya hata kidogo. Alisema tu, "Simu ya anti iliisha chaji."

 Sikungoja kengele. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa ushauri nikamweleza, na yeye akaacha chai yake mezani akaenda kwa naibu. Nilidhani kufikia saa sita kijana atakuwa amefukuzwa shule. Badala yake, naibu aliita kikao cha usuluhishi.

Niliitwa kama shahidi, nikaambiwa nisimame karibu na mlango. Ofisini walikuwa naibu, mwalimu wa ushauri, shangazi, Deski, kijana, na mama yake. Mama yule alikuwa mfupi kuliko nilivyomwazia. Alikuwa ameshika mkono wa shati la mwanawe na hakuuachilia wakati wote.

Naibu alianza kwa maombi. Kisha akasema, "Tumetoka mbali, wazazi. Si mnajua tumetoka wapi? Hii shule haiwezi kurudi huko juu ya kofi moja."

Akamgeukia shangazi. Shangazi alikuwa na ulimi wa kukata nguo bila mkasi, lakini siku hiyo alitazama sakafu. "Mimi nitasema nini, mwalimu? Huyu mama alinilaza kwa kitanda yake. Kijana alibeba cherehani yangu kwa bega. Niketi hapa nimshtaki?"

Kijana aliulizwa. Alisema kwa sauti ya chini, "Nilishikwa na wasiwasi. Simu haikulia usiku wote. Nilifikiria wamemmaliza." Macho yake yalikuwa mekundu. Naamini hata leo kwamba hakuwa akisema uongo.

Mwalimu wa ushauri ndiye peke yake aliyeuliza swali. "Kama ulidhani ameumizwa, asubuhi ulipomwona mzima, mbona ukampiga?"

 Mama wa kijana alifumba macho. Naibu alikohoa akasema, "Mwalimu, tafadhali, tusichokonoe." Deski hakuulizwa chochote, ila kama amesamehe. Alisema amesamehe. Wakapeana mikono, tukaletewa chai na mkate, na kijana akammiminia shangazi maziwa kwa heshima zote. Michezo ya Ijumaa ikasimamishwa, kwa maneno ya naibu, ili tusiwape watoto mawazo.

Hapo ndipo tulipomharibia kabisa. Kabla ya kikao, Deski alikuwa na kipigo. Baada ya kikao alikuwa na kipigo na amani juu yake. Aliniambia siku moja tukichota maji kwenye tangi, "Sasa nikisema, ni mimi nimevunja. Ameniambia hivyo. Ati tulisameheana mbele ya wazee."

"Muache tu. Unamuogopa?"

"Simuogopi yeye." Alifikiri kidogo. "Naogopa mathe yake. Nitamwangalia aje? Ningekuwa wapi, Deski, bila yule mathe?"

 Nina hasira ya haraka, lakini hasira haimjibu mtu aliyeokolewa maisha.

Mara ya pili ilikuwa karibu na kufunga muhula. Sikuiona, na sitajifanya naijua. Najua tu kwamba alikosa shule, na aliporudi, muuguzi alikuwa amesema ngoma ya sikio la kushoto imepasuka. Nilimwita kutoka upande wangu wa dawati na hakugeuka. Nikamgusa bega. Alinitazama kwa aibu, kama aliyekutwa akinakili mtihani, na hilo liliniuma kuliko sikio lenyewe. Tulibadilishana nafasi, nikakaa upande wake wa kulia ili anisikie. Tulikaa hivyo siku zilizobaki, na hatukusema tena neno juu ya kubadilishana.

Jumamosi ya kwanza ya likizo nilikuwa barazani kwa shangazi, nikimsaidia Deski kuchambua mboga ya sukuma. Cherehani ilikuwa ikilia. Mama wa kijana aliingia langoni peke yake, kwa miguu, na leso kichwani. Cherehani ikanyamaza. Shangazi alisimama atafute kiti, lakini mama alikataa kukaa.

Alikwenda mpaka kwa Deski, akamshika kidevu, akageuza uso wake taratibu, upande mmoja kisha upande mwingine. Alipoona sikio lililozibwa pamba, alikiachilia kidevu.

"Nimesikia unaogopa kuniangalia," alisema. Mpaka leo sijui ni nani aliyempelekea maneno hayo. Nadhani ni mwalimu wa ushauri. Niliyabeba mimi mpaka kwa mwalimu huyo, na simuombi mtu radhi.

Deski alianza kulia. "Mathe, ulituficha."

"Nilikuficha ndio uishi. Sikukuficha ndio uwe wetu." Aliyasema polepole, kwenye sikio zuri. "Hauna deni na mimi. Umenisikia? Hakuna. Yule ni wangu, nitabaki na yeye. Wewe enda kwenu."

Kisha yeye mwenyewe alilia, bila sauti, akijifuta kwa ncha ya leso. Alikuwa ameokoa watu wawili mwezi wa kwanza, na sasa alikuwa akimwokoa mmoja tena, kutoka kwa mtoto wa tumbo lake. Shangazi alimkumbatia. Walisimama hivyo kwa muda, na mimi niliendelea kuchambua sukuma kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi.

Mwalimu wa ushauri alirudisha mchezo wake muhula wa tatu. Hakuomba ruhusa kwa naibu, alikwenda kwa mwalimu mkuu mwenyewe, na sijui walichoambizana. Naibu naye hakuzungumza tena habari ya ule mche, ambao ulishika vizuri na kukua bila kumwuliza mtu. Ijumaa ya kwanza tulipofika uwanjani, mwalimu alitaja tena lile la kuflashi. Filimbi ililia. Wanafunzi waliohamia kwetu muhula huo kutoka shule nyingine walikimbilia barabarani. Sisi wa darasa letu tulibaki katikati, tumesongamana ndani ya duara la chokaa, na hakuna aliyecheka. Mwalimu alituuliza kwa nini. Msichana mmoja akasema inategemea kama unaweza kukataa. Mwalimu aliitikia kwa kichwa na kukiri kwamba yeye mwenyewe hangeweza kulisema vizuri zaidi. Lilikuwa somo zuri. Lilikuja wakati dawati langu lilikuwa na mtu mmoja.

Deski hakurudi shule mwaka ule. Shangazi alisema anasaidia kukamua, na kwamba ng'ombe hawajali ukiwasikia kwa sikio moja. Kijana alifanya mtihani wake akaondoka mjini. Wote wawili sijawaona tena.

Siku Deski alipoondoka, baba yake alikuja kutoka Subukia na pikapu ya jirani iliyokuwa imeleta kabichi mjini. Walipakia sanduku lake la bati na godoro. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha. Baba yake, mtu mkimya, alimfungulia mlango, akamshika kiwiko akipanda utadhani ni bibi kizee.

Dirisha lake lilikuwa upande wa kushoto, wa sikio bovu, nikamgusa bega mpaka akanigeuzia lile zuri. Nilikuwa na mengi ya kusema, na lililonitoka ni lile tuliloambiana wote mwaka ule, kwa mapenzi yangu yote.

"Ukifika uniflashie."

Alinitazama. Hakukasirika. Alitoa mkono dirishani akanishika shavu, kiganja kikiwa baridi kwa mvua.

"Hapana, Deski," alisema. "Nikifika, nitakuwa nimefika."

Pikapu ikaondoka. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni, karibu na kabati la vyombo, nikiitazama simu ya mama. Safari ya Subukia si ndefu. Alasiri ilipita. Mama aliniuliza ninangoja nani, nikasema simngoji mtu.

Simu haikulia. Nilifurahi kwamba haikulia, na machozi yakaanza kunitoka. Mama alinitazama. Alinisogezea kisu na vitunguu, nikaanza kukata.